Kishindo na Mpokeaji Wake: Maana na Matumizi ya Neno la Kiingereza "Brunt"

Mhadhara huu unahusu neno moja la Kiingereza, "brunt", ambalo kamusi za lugha hiyo hulieleza kuwa ni nguvu kuu ya pigo, shambulio au janga, yaani ile sehemu ya kishindo iliyo nzito kuliko sehemu nyingine zote. Neno hilo ni fupi, na katika mazungumzo ya kawaida ya Waingereza halisikiki sana, lakini hutokea mara kwa mara katika taarifa za habari, ripoti za mashirika ya misaada na vitabu vya historia, kila panapohitajika kuelezwa ni nani aliyeumizwa zaidi na jambo lililowagusa wengi. Kwa kuwa habari nyingi za ulimwengu humfikia msomaji wa Kiswahili baada ya kupita mikononi mwa mfasiri, namna neno hili linavyofasiriwa huamua picha ambayo msomaji huyo ataipata kuhusu vita, ukame na dhiki za watu, wakiwamo watu wa nchi yake mwenyewe. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba "brunt" ni neno la mgawanyo, kwa maana kwamba hudai kuwa madhara hayakuwafikia watu wote kwa kipimo kimoja, ila halilazimiki kusema ni nani aliyewaweka baadhi yao mahali pa kupigwa. Kiswahili, kwa muundo wa vitenzi vyake, kina uwezo wa kulisema hilo kwa neno moja, na mwandishi anayeuacha uwezo huo bila kuutumia humnyima msomaji sehemu ya ukweli.

Asili ya neno na safari ya maana yake

Neno "brunt" lilianza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza cha kati mwanzoni mwa karne ya 14, na wakati huo lilikuwa na maana ya pigo moja kali, kama lile la upanga au rungu. Asili yake ya mbali zaidi bado inajadiliwa na wanaisimu; baadhi yao hulihusisha na kitenzi cha lugha ya kale ya Skandinavia chenye maana ya kusonga mbele kwa kasi ya moto unaoenea, ingawa uhusiano huo haujathibitishwa. Kutoka katika pigo moja, maana ilipanuka ikawa shambulio zima, yaani mapigo mengi yanayoshushwa kwa pamoja na jeshi linalovamia, na kufikia miaka ya 1570 ilikuwa imechukua sura inayojulikana leo, ya nguvu kuu au uzito mkubwa zaidi wa shambulio. Shakespeare alilitumia katika tamthiliya ya Coriolanus, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1623, katika hotuba ambayo jemadari Cominius anaitoa mbele ya baraza la Roma akimsifu Coriolanus, shujaa wa tamthiliya hiyo, kwa mapigano mengi aliyoyapitia, na hapo neno bado liko katika uwanja wake wa asili, yaani uwanja wa vita. Baadaye lilitoka vitani likaingia katika maisha ya raia, hata leo linaweza kutajwa pamoja na kodi, mfumuko wa bei, maradhi, baridi au hasira ya mkuu wa kazi.

Safari hiyo ya maana ina mantiki yake, kwa sababu pigo moja huwa na mahali pamoja linapotua, na anayepigwa hujulikana bila kuulizwa, lakini shambulio la jeshi au ghadhabu ya bahari huenea juu ya eneo kubwa, na ndani ya eneo hilo wapo wanaoguswa kidogo na wapo wanaovunjwa kabisa. Lugha ilihitaji jina la mahali ambapo nguvu imekusanyika zaidi, na neno lililokuwa likimaanisha pigo lote likapewa kazi ya kutaja kiini cha pigo. Kwa sababu hiyo, kila linapotumika leo, neno hili hubeba ndani yake mlinganisho usiotamkwa: kusema kwamba fulani alipokea "brunt" ni kusema pia kwamba wapo wengine waliopokea kisehemu kidogo, au waliosalimika kabisa.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali ili kuona mwendo wa maana unaofanana na huo, kwa kuwa neno "dhoruba", ambalo wengi hulijua kwa maana ya upepo mkali unaoambatana na mvua au mawimbi, lilitokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pigo. Katika Kiswahili cha pwani umbo lake jingine, "dharuba", lilihifadhi maana hiyo ya kwanza, ndiyo maana jambo lililotendeka ghafla na kwa mara moja liliweza kuelezwa kuwa limetendeka kwa dharuba moja. Hivyo, katika lugha zote mbili, jina la pigo la mkono lilikuja kutumika kwa nguvu kubwa isiyo na mkono, na tofauti ni kwamba Kiingereza kilifuata njia ya kutaja sehemu nzito ya nguvu hiyo, huku Kiswahili kikifuata njia ya kuitaja nguvu yenyewe kwa ukamilifu wake.

Sarufi ya matumizi

Katika Kiingereza cha sasa neno hili halina uhuru mkubwa wa kisarufi. Ni nomino isiyotumiwa katika umbo la wingi, karibu kila mara hutanguliwa na kibainishi dhahiri, yaani kile kiambajengo kinachoonyesha kwamba kitu kinachotajwa ni kimoja na kinajulikana, na kwa kawaida hufuatwa na kihusishi kinachotaja chanzo cha pigo, kama vile vita, ukame au upungufu wa fedha. Vitenzi vinavyoandamana nalo ni vichache: kubeba, kupokea, kuhisi, kukabili, na kwa upande wa waliosalimika, kuepuka. Kati ya hivyo, kinachotawala ni "bear", kitenzi ambacho Kiingereza hukitumia kwa kuchukua mzigo, kwa kustahimili maumivu na hata kwa kuzaa mtoto, na mwandamano huo umezoeleka kiasi kwamba wasemaji wengi wa lugha hiyo hawajawahi kulisikia neno "brunt" likisimama peke yake.

Neno linapobaki hai ndani ya msemo tu, wasemaji huanza kuusahau mzizi wake na kulichanganya na maneno yanayofanana nalo kwa sauti. Wapo wanaoandika "blunt", neno lenye maana ya butu, wakidhani ndilo linalotakiwa, na kosa hilo huipindua maana kabisa, kwa sababu kinachokusudiwa ni upande mkali wa pigo. Wapo pia wanaolitumia kwa mtu anayefanyiwa mzaha na wenzake, ilhali Kiingereza kina neno jingine kwa shabaha ya mzaha. Mfasiri anayekutana na makosa haya katika matini chanzi anapaswa kuyatambua kabla ya kuyafasiri, asije akayahamishia katika Kiswahili kana kwamba yalikuwa maana iliyokusudiwa.

Mahali pa kishindo: dhoruba ya mwaka 1872

Maana ya mgawanyo iliyomo katika neno hili huonekana wazi zaidi katika tukio halisi, na historia ya pwani ya Afrika Mashariki ina tukio linalofaa kwa kazi hiyo. Mnamo Aprili 1872, katika kipindi cha utawala wa Sultani Barghash bin Said, kimbunga kiliikumba Zanzibar, jambo ambalo ni nadra sana katika eneo lililo karibu hivyo na ikweta. Majahazi na meli zilizokuwa bandarini ziliharibiwa, nyumba ziliezuliwa, na sehemu kubwa ya minazi na mikarafuu ya kisiwa cha Unguja iling'olewa au kuvunjwa. Kisiwa cha Pemba, kilichoko kaskazini ya Unguja kwa umbali wa takriban kilomita 50, kiliguswa na hali hiyo mbaya ya hewa, lakini mashamba yake yalisalimika kwa kiasi kikubwa.

Tofauti hiyo inatokana na umbile la kimbunga chenyewe, ambacho ni mzunguko wa upepo unaozingira kitovu kilichotulia kinachoitwa jicho, ambapo upepo wenye nguvu zaidi huwa katika ukingo wa jicho hilo, na nguvu hupungua kadiri mahali panavyokuwa mbali na ukingo huo. Kwa hiyo visiwa viwili vinavyotawaliwa na mfalme mmoja na kutegemea zao moja vinaweza kupatwa na dhoruba moja na bado vikatofautiana kwa kadiri ya maafa. Mwandishi wa Kiingereza angesema kwamba Unguja ilipokea "brunt" na Pemba ikaiepuka. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kusema kwamba kishindo cha dhoruba kiliishukia Unguja, na Pemba ikapata pembezoni mwake tu. Matokeo ya mgawanyo huo yalidumu kuliko dhoruba yenyewe, kwa sababu mkarafuu huchukua miaka kadhaa tangu kupandwa hadi kuanza kuzaa. Wenye mashamba wa Unguja walipokuwa wakisubiri miche yao ikue, bei ya karafuu ilipanda, Pemba ikapanua kilimo chake, na hatimaye kisiwa hicho kikawa mzalishaji mkuu wa karafuu za Zanzibar.

Katika tukio hili hakuna aliyeamua kwamba Unguja ipigwe na Pemba isalimike, na kwa sababu hiyo vitenzi kama kushukia, kukumba na kupiga, vyenye dhoruba kama mtendaji wake, vinatosha kuusema ukweli wote wa kishindo. Hali hubadilika pale ambapo mgawanyo wa madhara umetokana na uamuzi wa watu.

Mstari wa mbele na uzito wa vita: wapagazi wa mwaka 1914 hadi 1918

Kwa kuwa neno "brunt" lilizaliwa vitani, wengi hudhani kwamba anayelipokea lazima awe amesimama mstari wa mbele, uso kwa uso na adui. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kwa namna ilivyopiganwa Afrika Mashariki, inaonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi. Majeshi ya Uingereza na washirika wake yalipambana na jeshi la Kijerumani lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck katika nchi pana isiyo na barabara nyingi, ambamo mbung'o walieneza ugonjwa ulioua farasi, punda na ng'ombe waliotakiwa kuvuta na kubeba mizigo. Chakula, risasi, mahema na hata vipande vya mizinga vililazimika kusafirishwa juu ya vichwa na mabega ya watu. Mwaka 1914 Waingereza waliunda kikosi cha wapagazi kilichojulikana kwa Kiingereza kama Carrier Corps, na mwaka 1915 ikatungwa sheria iliyoruhusu wanaume wa Kiafrika kuchukuliwa kwa lazima, na uchukuaji huo ulifikia kilele chake mwaka 1917. Upande wa Wajerumani nao uliwategemea wapagazi kwa maelfu.

Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi waliotumika upande wa Uingereza na washirika wake walifikia takriban 1,000,000, na kwamba waliokufa walikaribia 100,000, idadi inayozidi kwa mbali ile ya askari waliouawa kwa risasi katika mapambano hayo. Wengi wa wapagazi hao waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, uchovu na chakula kisichotosha au kisichopikwa kikaiva, yaani mambo yaliyotokea nyuma ya mstari wa mapambano, njiani na kambini. Majina ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi yametokana na jina la kikosi hicho, kwa hiyo mamilioni ya watu hutaja kila siku, sokoni na vituoni, jina la watu waliobebeshwa vita visivyokuwa vyao.

Namna vita hivyo vilivyokumbukwa hadharani inathibitisha jinsi mstari wa mbele unavyoweza kufunika uzito wenyewe. Sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 inamwonyesha askari mmoja mwenye bunduki na singe, ilhali wapagazi wametajwa katika maandishi yaliyochongwa chini yake, si katika umbo la sanamu. Mnara wa kumbukumbu ya vita hivyo ulioko Nairobi ulimpa mpagazi nafasi ya kusimama pamoja na askari. Hakuna haja ya kuupunguza ushujaa wa askari ili kulitambua jambo hili. Linalohitajika ni kutofautisha maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: swali la nani alipigana, na swali la nani alielemewa na uzito mkubwa zaidi wa mapigano. Neno "brunt", likitumiwa kwa uangalifu, hujibu swali la pili, na mwandishi anayelifasiri kwa msemo kama "walikuwa mstari wa mbele" amelijibu swali ambalo matini haikuliuliza.

Kubeba, kuhimili na kubebeshwa

Kutokana na mifano hiyo miwili inawezekana sasa kuzipima njia ambazo waandishi wa Kiswahili huzitumia kulifasiri neno hili. Njia iliyoenea zaidi katika vyombo vya habari ni ya kusema kwamba kundi fulani limeathirika zaidi, na faida yake ni kwamba inahifadhi mlinganisho kupitia neno "zaidi". Kasoro yake ni kwamba kitenzi "kuathirika" ni chepesi mno, kwa kuwa hutumika vilevile kwa mtu aliyecheleweshwa na foleni ya magari na kwa mtu aliyepoteza mifugo yake yote, na pigo lililomo katika neno la asili hutoweka. Njia ya pili ni ya misemo ya mateso, kama vile kukiona cha mtema kuni au kuona joto ya jiwe, ambayo ina nguvu ya kutosha, lakini mara nyingi huashiria kwamba aliyeteseka amepata adhabu au funzo alilostahili, na kwa sababu hiyo haifai kwa watu waliofikwa na maafa bila kosa lao.

Njia ya tatu, ya kubeba mzigo, inahitaji kuchunguzwa kwa makini zaidi, kwa sababu inaonekana kuwa tafsiri ya moja kwa moja. Katika Kiswahili, anayebeba mzigo wa familia au wa taifa husifiwa; kubeba ni tendo la hiari, na mzigo ni wajibu ambao mtu ameukubali. Kusema kwamba maskini wamebeba mzigo wa kupanda kwa bei ni kuligeuza pigo kuwa jukumu, na kumfanya aliyepigwa aonekane kama mshiriki aliyejitolea. Kitenzi "kuhimili" kiko karibu zaidi na maana inayotakiwa, kwa sababu kimetokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliotoa neno "hamali", yaani mchukuzi wa mizigo, na kinaunganisha kuchukua na kustahimili kama kitenzi cha Kiingereza kinavyofanya. Hata hivyo, kuhimili kuna dalili ya kushinda, kwani aliyehimili ni yule aliyebaki amesimama, na wapo waliopokea nguvu kuu ya janga ambao hawakubaki.

Hapa ndipo muundo wa kitenzi cha Kiswahili unapotoa msaada ambao Kiingereza hakina. Kutoka katika mzizi wa kubeba, kiambishi cha kutendesha na kile cha kutendwa huunda kitenzi "kubebeshwa", ambacho ndani ya neno moja kinaeleza kwamba upo mzigo, yupo aliyeupokea, na yupo mwingine aliyemtwika. Kitenzi hicho pia hukaribisha kihusishi "na", ambacho humtaja mtendaji. Sentensi ya Kiingereza inayosema kwamba wapagazi walipokea "brunt" ya vita inaweza kukamilika bila kutaja serikali yoyote. Sentensi ya Kiswahili inayosema kwamba wapagazi walibebeshwa uzito wa vita humfanya msomaji aulize mara moja, na nani? Pale ambapo hakuna aliyetwika, kama ilivyokuwa katika dhoruba ya mwaka 1872, lugha ina vitenzi vingine: kishindo kilikishukia kisiwa, uzito uliwaelemea wakulima, makali yaliwafikia. Neno "makali", ambalo kwanza ni upande wa kisu unaokata, tayari limezoeleka katika misemo kama makali ya njaa na makali ya maisha, na lina sifa ya kutaja sehemu ya nguvu inayojeruhi, jambo linalolifanya liwe jirani wa karibu wa "brunt" katika Kiswahili cha leo.

Uchaguzi kati ya makundi hayo mawili ya vitenzi huwa mgumu zaidi katika habari za tabianchi. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa mwaka 2022, misimu 5 mfululizo ya mvua ilikuwa hafifu katika kaskazini mwa Kenya, kusini mwa Ethiopia na Somalia, na wafugaji walipoteza mamilioni ya mifugo. Ukame huo ulikuwa tukio la hewa na mvua, na kwa kiasi hicho ni sahihi kusema kwamba makali yake yaliwafikia wafugaji kwanza. Lakini utafiti uliotolewa mwaka 2023 na wanasayansi wa World Weather Attribution ulieleza kwamba ongezeko la joto linalosababishwa na shughuli za binadamu liliufanya ukame wa aina hiyo uwe rahisi zaidi kutokea, na nchi zilizokumbwa nao ni miongoni mwa zile zilizochangia kwa kiasi kidogo sana gesi zinazoongeza joto hilo. Mwandishi anayeyajua mambo hayo mawili ana haki ya kusema kwamba wafugaji wamebebeshwa gharama ya maendeleo ya viwanda vya wengine, mradi aeleze katika sentensi zinazofuata ni kina nani waliobebesha na kwa njia gani, maana kitenzi chenye nguvu kisichofuatiwa na maelezo hugeuka kuwa lawama tupu.

Hitimisho

Kutokana na uchunguzi huu, kazi ya kulifasiri neno "brunt" inaweza kuongozwa na maswali matatu. La kwanza ni kuhusu pigo lenyewe, kama ni tukio la ghafla au dhiki ya muda mrefu, kwa sababu kishindo hulifaa la ghafla, na uzito au makali huifaa dhiki inayodumu. La pili ni kuhusu mgawanyo, yaani wengine waliopokea kidogo au kusalimika, ambao tafsiri inapaswa kuwaacha waonekane hata kama ni kwa neno moja la ulinganisho. La tatu, na lenye uzito kuliko yote, ni kama mpokeaji alikutwa na pigo au aliwekwa mbele yake na uamuzi wa wengine. Mhariri wa chumba cha habari mwenye dakika chache kabla ya taarifa kusomwa anaweza kuyajibu maswali hayo, kwa kuwa majibu yake kwa kawaida yamo ndani ya habari ileile anayoifasiri.

Methali isemayo kwamba wapiganapo fahari wawili ziumiazo ni nyasi inaonyesha kwamba wasemaji wa Kiswahili walilitambua tangu zamani jambo ambalo Kiingereza kimelipa jina la "brunt", na walilieleza kwa kuwataja wote wawili, wapiganao na waumiao, katika sentensi moja. Huo ndio mfano ambao uandishi wa Kiswahili unapaswa kuufuata unapopokea neno hili kutoka katika habari za ulimwengu: kumtaja aliyeumia kwa kadiri ya maumivu yake, na pale ukweli unapojulikana, kumtaja pia aliyemweka mahali pa kuumia.